Mlinzi wa Kimya Changu

Jumatatu, 2 Machi

Padri ametoa utaratibu wa mafungo ya kimya. Kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumapili asubuhi, kila mtu nyumbani kwake. Hakuna kusema neno. Simu kwenye droo. Kuandika ruhusa, mradi iwe sala. (Hii nayo ni sala. Mungu anajua ninachomwomba.)

Na kila mmoja achague mlinzi wa kimya – mtu wa nyumbani atakayefungua mlango, atakayepokea wageni na kuwajibu kwa niaba yake.

Nimemchagua wifi. Padri akanishika mkono kwa furaha, akasema huo ndio moyo wa Kwaresima, kuanza na yule aliyekuumiza. Nikainamisha kichwa kama mtakatifu kwenye kalenda.

Laiti angejua!

Jumanne, 3 Machi

Wacha niandike yote, maana kifua kimejaa.

Wifi ni mke wa kaka yangu. Tunaishi nyumba moja, chumba changu cha cherehani kimepakana na sebule. Mwaka jana kwaya ilinipa kazi ya kushona majoho. Siku ya vipimo homa ilinilaza, wifi akajitolea kwenda kuwapima. Nikakata kitambaa kwa vipimo alivyoniletea, nikashona. Majoho yote yakatoka mafupi! Mwenyekiti wa kwaya, tunayemwita Besi kwa ile sauti yake, lake lilimfika magotini. Alisimama mbele ya kanisa zima kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

Nani wa kwanza kusema kitambaa kimebaki kwa fundi? Wifi. Alisema kwa huruma, eti tumwombee, njaa mbaya. Tangu siku hiyo meza yangu ya kukatia haina kitu. Hata jirani hupeleka zipu ya suruali kwa fundi wa mtaa wa pili.

Sikujua kosa liko wapi.

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta mshumaa kwenye kikapu chake cha kwaya. Chini kabisa, imejikunja: futi yangu ya zamani ya kupimia, ya kitambaa, niliyoistaafisha kwa sababu nilizoea kufungia nayo marobota ikavutika. Nikailaza kando ya mpya. Ile ya zamani imeipita mwenzake kiganja kizima. Futi iliyovutika husoma pungufu. Kila aliyepimwa akawa mfupi kuliko Mungu alivyomuumba!

Kuibeba siku ya vipimo kimakosa, sawa. Lakini alijua imevutika, ndiyo maana aliificha. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano, 4 Machi

Besi amepita. Jumamosi kamati inakuja hapa nyumbani, kuamua majoho mapya ya Pasaka nishone mimi au yule fundi mwingine. Wanataka kunisikia kwanza. Nikamwambia nitakuwa kwenye kimya, wifi atajibu kwa niaba yangu. Alinitazama kama mtu aliyeonjeshwa chai ya chumvi. Kisha akasema sawa, mafungo ni mafungo.

Ningeweza kumwonyesha futi palepale. Nikajizuia. Kulisema mimi kosa lake hakutoshi. Nataka alitapike yeye, kwa kinywa kilekile, mbele ya watu walewale. Nitaziweka futi zote mbili mezani sebuleni, chini ya msalaba, zimebanwa pamoja upande mmoja, tofauti ionekane. Aingie, azione, wageni wameshakaa, atafute pa kukimbilia.

Mwenye kovu usidhani kapoa.

Alhamisi, 5 Machi

Nimefagia chumba. Nimefunika cherehani kwa shuka. Nimetundika pazia zito kati yangu na sebule – la kuzuia macho, si masikio.

Kaka ameniuliza mbona natabasamu hivi na ni Kwaresima. Nikamwambia ni neema.

Wifi alikubali ulinzi haraka mno. Hakuuliza hata swali. Amepika, ameosha vyombo, anaimba zaburi chini chini. Najisikia vibaya kidogo. Kidogo tu, imepita.

Ijumaa, 6 Machi

Kengele ya jioni imelia. Neno langu la mwisho nililisema nikimtazama usoni:

"Wifi, kinywa changu nimekuachia wewe."

Akanikumbatia. "Usiwe na wasiwasi, wifi yangu. Nitakusemea vizuri."

Nimefungua Zaburi. Nimeangukia pale adui anapochimba shimo na kutumbukia mwenyewe. Nimeisoma tena na tena, kwa ibada kabisa.

Jumamosi, 7 Machi

Asubuhi nimeziweka futi mezani. Zimekaa vizuri.

Wamefika. Besi, mama mweka hazina, na padri mwenyewe! Sikumtarajia padri. Bora zaidi!

Viti vinaburutwa. Wifi anawakaribisha. Kisha – droo ya meza. Imefunguliwa. Imefungwa.

Futi zangu!

Besi anauliza fundi amesema nini kuhusu majoho. Wifi anavuta pumzi. Analia? Analia kweli, huyu mwanamke.

"Amenituma niwaombe radhi," anasema. "Kitambaa alikichukua. Aibu ndiyo iliyomfanya achague kimya. Msamehe, baba padri."

Nimekandamiza kalamu, wino umechafua ukurasa.

Mama mweka hazina anasema maskini. Padri anasema huu ni ujasiri mkubwa, Kwaresima imezaa matunda nyumba hii. Wanataka kusali kwa ajili yangu. Kwa ajili YANGU!

Besi peke yake hajaridhika. Anauliza, je, kama si kweli? Wifi anamjibu kwa upole:

"Yuko hapo nyuma ya pazia, mwenyekiti, anatusikia. Kama ni uongo, si angesema?"

Mimi ndiye niliyemchagua. Mimi ndiye niliyetundika pazia.

Nikitoka na kupiga kelele, ni yule mwizi aliyevunja hata mafungo yake mbele ya padri. Nikikaa, ni mwizi aliyetubu. Droo iko hatua chache tu kutoka hapa. Futi hazihitaji mdomo. Lakini Besi akiwa ananitazama, wifi akinishika mkono na kuniita mpendwa, nitaweza kutembea hizo hatua bila kumtukana?

Wamepiga magoti. Padri anaanza sala kwa jina langu.

Naandika nimesimama. Mkono wa kushoto umeshika pazia. Naiweka kalamu, naiendea droo.