Mlolongo wa Mtu Mmoja

Witeithie,
Jumapili, 14 Machi 1993

Wairimu mpenzi,

Siku ulipokuja kuniaga ulinikataza. Ulisema matokeo yakitoka nikuletee habari za kwangu tu, za kwako niziache zikae hukohuko shuleni. Nimekutii mpaka leo kwa sababu hapakuwa na njia ya kukaidi. Lakini nimechoka kulibeba jambo hili, basi nisamehe, nakuambia: ulipita. Ulipita, Wairimu. Uliongoza shule nzima, wasichana na wavulana, na hesabu ndiyo iliyokupandisha.

Najua hungeamini. Hata mimi, niliposimama mbele ya ubao wa matangazo, nilianza kukutafuta kutoka chini, kwa kuwa huko ndiko walikokuwa wamekuweka. Nilipanda na kidole jina kwa jina, nikapita langu katikati, nikaendelea kupanda mpaka majina yakaisha, na la mwisho kule juu lilikuwa lako. Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Watu walifikiri nimeanguka mtihani.

Unaukumbuka mlolongo wetu. Sijui shule nyingine walifanyaje, lakini sisi, tukitoka kwenye mtihani, hatukuulizana majibu tu. Tulipiga kura, kama tulivyowaona wazazi wetu wakipiga uwanjani, kila mtu anasimama nyuma ya mtu wake. Mmoja anasoma swali, wa A wanajipanga huku, wa B kule, na foleni ndefu ndiyo jibu. Watu wazima wenyewe walikuwa wameshauchoka mlolongo, mwaka huo walikuwa wakingoja karatasi na sanduku, ila sisi hakuna aliyetuambia tuache.

Siku ya hesabu Karanja ndiye aliyekuwa msimamizi wa uchaguzi. Alipanda juu ya karai lililopinduliwa, akasoma lile swali la ua. Ua umenyooka, urefu wake mita sitini, nguzo zimesimamishwa kila baada ya mita tano kutoka mwanzo hadi mwisho. Nguzo ngapi? Mimi nilikuwa nimejaza B, kumi na mbili. Sitini ugawe kwa tano, nani hajui? Nikaenda kwa B, na karibu darasa zima likaja huko. Wewe ukasimama kwa C, kumi na tatu, peke yako, mikono ndani ya sweta.

"Haiya! Wairimu uko na C?" Karanja alipiga kelele. "Na ajenti wako ako wapi? Hata nzi hajakupigia kura!"

Tulicheka. Wewe pia ulicheka kidogo, nakumbuka, ukaokota vijiti ukaanza kuvichomeka ardhini ili utuonyeshe. Karanja akashuka akavipiga teke. "Hapa hatuhesabu vijiti, tunahesabu watu. Hama, msichana, kura hazijafungwa."

Wengi walikuwa wakihama. Hata Njeri wa darasa la pili, aliyekuja kucheza tu, alitoka A akaingia B akijifuta kamasi kama hakuna aliyemwona. Lakini wewe ulisema, "Karatasi imeshaenda na C. Nikihama mimi, yenyewe itahama?"

Hapo ndipo mwalimu wetu wa darasa alipopita. Hesabu hakutufundisha yeye, wala karatasi ya maswali hakuiomba. Alitazama foleni. "Watu wote hawa hawawezi kukosea, Wairimu. Ulikuwa umelala?" Akaendelea na njia yake akitabasamu, na kuanzia hapo mchezo ukawa ni wewe. Kila swali walikutafuta kwanza uko wapi ili wasimame mbali nawe. Kufikia swali la mwisho hata wale waliojaza kama wewe walikuwa wameshakukimbia.

Jioni mlipita karibu na kibanda cha mjomba wako pale Kalimoni, anapotengenezea baiskeli, na Karanja hakuweza kufunga mdomo. "Mzee, wako amepata mlolongo wa mtu mmoja!" Labda alidhani ni utani tu. Lakini wewe na mimi tulijua maneno ya mjomba wako tangu alipokuchukua mama yako alipofariki: ukipita, sekondari, usipopita, shamba. Kesho yake alimsimamisha mwalimu barabarani, akauliza. Mwalimu akajibu, "Huyo? Hesabu imemshinda. Niliona mwenyewe."

Aliona nini? Ningependa siku moja anieleze aliona nini.

Mjomba wako hakungoja matokeo. Kahawa ilikuwa imeiva, mashamba ya Ruiru yalikuwa yakitafuta wachumaji, akakupeleka wiki iliyofuata ukaishi kwenye vibanda vya wafanyakazi na wanawake usiowajua. Ulikuja kuniaga umevaa viatu vya mjomba, umevijaza magazeti mbele. Ulinipa ile nusu yako ya penseli. Ile penseli tuliyoikata kwa wembe ili kila mmoja aingie na yake, na ukachukua kipande kifupi ukisema una vidole vidogo. Sikujua kwamba ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kukuona. Kama ningejua ningekukatalia kitu, sijui kitu gani. Ningekukatalia tu.

Habari ilitufikia kanisani. Trela la trekta lililokuwa likipeleka kahawa kiwandani liliteleza kwenye tope jekundu baada ya mvua, likapinduka, na wewe ulikuwa umekaa juu ya magunia. Walisema hukuumia muda mrefu. Wanasema hivyo kila wakati. Tulikuzika kabla ya Krismasi. Matokeo yalikuja baadaye.

Sasa nikuambie yaliyobadilika.

Mwalimu wetu wa darasa hulitaja jina lako kila Jumatatu asubuhi. Muthoni, dada yangu, yuko darasa la nane sasa, na ndiye huniletea habari. Mwalimu anawaambia, "Someni kama Wairimu. Msichana yule nilimjua tangu mwanzo." Mjomba wako naye amebandika matokeo yako ukutani kibandani, juu ya mipira ya baiskeli, na wateja wakiuliza anasema, "Huyo ni msichana wangu." Nilipita hapo nikamsalimia kwa adabu kama cucu alivyotufundisha wajukuu wake. Akaniuliza shule inaendeleaje. Nikamjibu vizuri, mzee, asante. Nilipofika mbali kidogo nilitema mate, Wairimu. Mimi, ambaye ulikuwa ukinicheka kwa sababu naomba msamaha nikikanyaga mguu wa meza.

Karanja yuko kidato cha kwanza pamoja nami. Hanitazami usoni. Simchukii sana, alikuwa na umri wetu. Waliokuwa na ndevu ndio siwezi kuwasamehe.

Mwezi uliopita mwalimu wa hesabu alichora ua ubaoni, nguzo kwa nguzo. Aliuliza ngapi, na wengi wakasema vilevile tulivyosema sisi. Akacheka, akaweka kidole juu ya nguzo ya kwanza kabisa. "Hii nani ameihesabu?" Hakuna. Mita tano zinaanzia kwake, kwa hivyo kila mtu huiruka. Karanja aliinamisha kichwa juu ya dawati. Mimi niliomba ruhusa ya kutoka. Nililia nyuma ya choo, si kwa huzuni, kwa hasira, kwa sababu lilikuwa jambo dogo hivyo. Dakika moja. Mtu mzima mmoja angeomba karatasi, akachuchumaa dakika moja penye vijiti vyako, na leo ungekuwa kwenye bweni la wasichana huko ulikoitwa, ukilalamika kwamba maharagwe yana wadudu.

Barua yako ya kuitwa ilikuja shuleni. Mwalimu mkuu hakujua aipe nani. Sijui iko wapi.

Najua marehemu hawasomi. Cucu anasema husikia tu, basi nitakusomea hii kwa sauti Jumamosi nikija Kalimoni kung'oa magugu kaburini kwako. Nimechelewa kuja, na mvua ya masika ikianza yatakuwa mengi.

Ninalokuahidi ni dogo. Novemba, Muthoni atakapofanya mtihani wake, nitakosa shule siku zote tatu na nitamngoja langoni. Akitoka nitamshika mkono twende nyumbani moja kwa moja, watakaopanga foleni wapange. Sitamuuliza alijaza nini. Na akipita mtu, awe mwalimu, awe nani, akamwambia ameanguka kabla ya matokeo, nitamjibu mbele ya watu, kwa sauti, na adabu ya cucu nitaiomba msamaha jioni.

Kwaheri, Wairimu. Lala salama. Ukiwa na mama yako huko, umwambie kuna rafiki mmoja ulimwacha Witeithie, na umtajie jina langu.

Nyokabi