Mkono Uliopanda

Mwenzangu, leo nusura nimwondoe mtoto wa kaka yangu mashindanoni. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu.

Unajua nilivyohangaika na lile darasa la jioni la waamuzi wa kuogelea. Kila kipindi mwalimu anarudia: mwamuzi akiinua mkono, maana yake ameona kosa.

Sasa yule binti yetu mwoga wa maji leo kamaliza mbio zake za kwanza. Wa mwisho, lakini kafika. Alipogusa tu ukuta nikafumba macho, mkono juu, namshukuru Mungu.

Nafumbua macho, mwamuzi mkuu kasimama mbele yangu. "Mama, huyu kafanya kosa gani? Nimfute?"

Nikamwambia hakuna kosa, nilikuwa nashukuru tu. Nashukuru, mwenzangu! Na sare nyeupe na filimbi shingoni.

Akanitazama weee. "Mama, Mungu anasikia hata mikono ikiwa mfukoni." Akaondoka, matokeo yakabaki.

Mtoto bado kang'ang'ania ukuta, machozi yanamlenga. "Shangazi, kwa hiyo sijafika?"

Umefika, mwanangu. Toka kwenye maji.