Kikombe cha Mafuta ya Kondoo

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Shikamoo yako imetufikia hapa Akheri tukiwa wazima. Kahawa imeanza kuiva, na babu yako bado anabishana na kikohozi chake.

Umeuliza kama hivyo vidonge vya kupunguza mwili, vinavyouzwa bila cheti cha daktari, vinakufaa wewe mwenye mtoto wa miezi mitatu. Sikutaka kubahatisha, nikashuka hadi duka la dawa Kijenge. Mfamasia akasema kidonge hakiyeyushi mafuta uliyo nayo mwilini. Kinazuia mafuta ya chakula yasisagwe tumboni, kwa hiyo sehemu yake inatoka kama ilivyoingia, wakati mwingine bila hodi! Vitamini zinazosafiri ndani ya mafuta zinatoka nayo. "Anayenyonyesha asimeze," alisema.

Nilirudi nikimkumbuka mama yako alipozaliwa. Nilikuwa mwembamba kama ufito. Baba mkwe alichinja kondoo, mama mkwe akayeyusha mafuta, akanipa kikombe. "Kunywa. Mtoto anakula kupitia kwako."

Nilikunywa nimeziba pua. Baada ya wiki chache mapaja ya mama yako yalijaa mikunjo, na hakuwa ameonja kitu ila ziwa langu. Nilimshika nikabaki kinywa wazi: kondoo mzima amepita ndani yangu, amekuwa mtoto! Mpaka leo sijamaliza kushangaa.

Ukishamwachisha ziwa, kamuulize daktari. Kwa sasa, mwili huo unaouona mzito ndio chungu cha mwanao, na bado anapakua.

Bibi yako