Ile T Yenye Mkia

Kawangware
9 Novemba 1997

Dada yangu Kaltuma,

Salamu nyingi kama mvua hii isiyotaka kukoma. Mimi ni mzima, ila mafua. Wewe je? Mama anaendeleaje na magoti yake? Na ploti yetu hapo Makina, maji yameingia au bado yanapiga hodi tu? Nasema yetu kwa sababu nilizaliwa chumba cha mwisho, mama yangu mzazi akiwa mpangaji wa marehemu baba yako mzee Fadul, na hakuna siku mliyonifanya nijione mpangaji.

Nasipwondi amekubali kuwa posta wetu. Kila Jumapili ananunua mboga soko la huku na kwenda kuziuza Silanga, huko kwenu Kibera, basi barua zitapanda juu ya sukuma wiki.

Nimepata kazi, Kaltuma! Ni ile kampuni ya stovu za Neema, Industrial Area, ofisi ya malalamiko. Watu wanaandika barua, wanapiga simu, wenye maofisi wanatuma faksi, na kila duka linalouza stovu zetu lina sanduku la maoni. Yote yanamwagwa kwenye meza yetu. Tuko wanne. Tunasoma, kisha kila lalamiko tunalipa namba: namba tatu ni mteja ametumia vibaya, namba saba ni tangi linavuja, na nyingine nyingi. Namba ndiyo inasema atajibiwa nini. Mwenzangu Wakarima anasema mimi nazipanga haraka kwa sababu nilikulia Kibera, nimezoea kusikia watu wakilalamika.

Najua makaa yameloa kote na Mama hapiki vizuri. Kuna stovu namletea, ya wafanyakazi. Aipokee, asianze maneno.

Dada yako,
Trizah


Makina, Kibera
23 Novemba 1997

Trizah wangu,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, alhamdulillahi, isipokuwa choo cha jirani ambacho kimeamua kuhamia kwetu. Hayo tuyaache.

Stovu imefika na Mama ameharibika kabisa kwa furaha. Ameifuta mpaka imekuwa kioo. Kila anayeingia anaambiwa, "Hii imeletwa na mtoto wangu wa ofisini." Juzi jirani akauliza, mtoto gani, si yule ni Mjaluo? Mama akaacha kusuka, akamkazia macho: "Mama yake alishikwa na taifodi akakauka maziwa. Nilimweka huyu kifua hiki, Kaltuma kifua hiki. Sasa wewe niambie ni wa nani." Jirani akakumbuka ana nguo kwenye kamba, na mvua yote hiyo!

Anakusukia tabaga kubwa la kufunikia chakula, nyekundu na zambarau, akisema siku utakayoolewa hutaenda na vifuniko vya plastiki. Mimi binti wa kumzaa bado naahidiwa langu. Nimenyamaza, lakini naandika hapa ujue.

Dada yako mwenye wivu,
Kaltuma


Kawangware
18 Januari 1998

Kaltuma,

Heri ya mwaka mpya na ya Idi inayokuja. Mko salama? Nisamehe kimya changu, kazi imenimeza.

Wametuletea kompyuta. Mimi ndiye nimechaguliwa kuifundisha. Wakarima anachapa ndani kila kitu kilichoingia: barua, simu, faksi, karatasi za masanduku. Mashine inatafuta maneno niliyoifundisha. Ikiona utambi, ikiona moshi, yenyewe inabandika namba tatu, inatoa barua ya majibu na kufunga faili. Mtu mmoja akilalamika kwa njia tatu, inajua ni yule yule na inamkusanya pamoja. Kazi ya wiki inaisha kabla ya chai ya saa nne. Wale wenzetu wawili wameshaambiwa waende nyumbani. Wakarima atabaki mpaka mwisho wa Machi. Niliwaonea huruma, lakini ningefanyaje?

Lile ambalo mashine haijaelewa linawekwa kwenye trei yangu, nisome kwa macho yangu na kuamua kwa kalamu kwenye kadi ya mteja. Na barua zote zinatoka na sahihi yangu! Bosi amesema watu wanaamini jina la mtu kuliko la kampuni, akachongesha muhuri. Ni ile T yenye mkia niliyokuwa nachora kwa makaa ukutani kwenu, Mama akinifukuza na mwiko.

Namba saba tu ndiyo inamnyima bosi raha. Zikifika kumi kwa mwezi, kiwanda kinasimama na kukaguliwa, ndiyo sheria waliyojiwekea. Ameniambia nikimaliza Machi bila kisa, mimi ndiye mkuu wa ofisi. Niombee.

Dada yako,
Trizah


Makina
8 Februari 1998

Trizah,

Asalaam aleikum. Hatujambo, na Idi ilipita vizuri ingawa kiti chako kilikaa kitupu. Hongera na mashine yako, lakini wale wenzako wawili wamenikaa moyoni.

Jambo dogo. Mama ameniandikisha barua kwa kampuni yenu kuhusu stovu yake. Nikamwambia, kwa nini nisimwambie Trizah tu? Akakataa. "Kazi ni kazi. Wasije kusema anapendelea watu wa kwao. Tufuate laini kama wengine, yeye ataiona huko." Amenikataza hata kukwambia ina nini, na unajua akikataza. Basi itazame ikifika. Jina ni lake, Sumaya Fadul.

Dada yako,
Kaltuma


Makina
1 Machi 1998

Trizah mpenzi,

Asalaam aleikum. Natumaini mafua yameisha na kimya chako ni cha kazi tu.

Majibu ya Mama yalifika, asante. Nilimsomea: akate utambi usawa, ajaze tangi mpaka juu, awashe bila wasiwasi. Hajui kusoma, lakini ile T aliijua kabla sijafungua kinywa. Ameikunja akaiweka kwenye kopo la nyuzi zake.

Lakini mimi sijatulia. Tangi linatoka jasho pale kwenye kiungo, na juzi moto ulishuka chini ukaramba miguu ya stovu. Nikamlazimisha Mama tuandike tena. Nikapiga simu kwenye kibanda, na nikatia karatasi kwenye sanduku la duka la Olympic. Nimesema, iache hiyo stovu. Ananiambia, "Trizah amesema nijaze. Wewe umesomea stovu wapi?" Ukiandika neno moja mwenyewe atasikia.

Dada yako,
Kaltuma


Kawangware
15 Machi 1998

Kaltuma dada,

Hamjambo huko? Mimi ni mzima na nina furaha. Bosi ameniita Ijumaa jioni: kuanzia Aprili mimi ni mkuu wa ofisi!

Naandika haraka, Nasipwondi ananingoja na gunia kichwani. Nitakuja Jumamosi hii, tarehe ishirini na moja, bila kukosa. Kuna jambo nataka kumwambia Mama ana kwa ana. Mwambie asipike, nitakuja na chakula.

Dada yako,
Trizah


Makina
29 Machi 1998

Trizah,

Jumamosi ile tulikungoja mpaka giza. Mama alioga, akavaa gurbaba yake ya sikukuu, akakaa mlangoni. Kwa sababu ulisema asipike, hakupika, tukalala na chai.

Jumanne asubuhi alikata utambi usawa. Alijaza tangi mpaka juu. Akawasha. Mimi nilikuwa bombani nikasikia mlio, nikakimbia, nikamkuta amesimama na mikono mbele. Amelazwa siku ya sita leo. Uso umenusurika. Mikono, daktari anasema atashika kikombe. Nikamuuliza, na kusuka? Akaniuliza, kusuka nini?

Nataka unijibu kitu kimoja tu. Ulizisoma zile barua?

Kaltuma


Kawangware
5 Aprili 1998

Dada yangu, dada yangu,

Sijui nianze wapi. Nimelia mpaka mwenye nyumba akagonga mlango. Mama anajisikiaje? Anakula? Nimempa Nasipwondi maziwa, machungwa na shuka laini.

Kaltuma, za kampuni sikuziona; yako niliisoma, nikazingoja hizo zifike kwenye trei. Naapa kwa roho ya mama yangu mzazi. Ni mashine. Ile barua ya kwanza iliona neno utambi ikabandika tatu ikajibu, na zilizofuata ikaona ni mtu yule yule aliyekwisha kujibiwa, ikazikusanya ikafunga. Hakuna mtu aliyezigusa. Ule muhuri unagonga wenyewe, wala si mkono wangu. Jumamosi nilikuwa mgonjwa, ndiyo maana sikufika. Niruhusu nije hospitali.

Dada yako,
Trizah


Makina
26 Aprili 1998

Trizah,

Mama ametoka hospitali. Anakula, namlisha mimi.

Nilimsomea barua yako na akaikubali yote. Akasema, "Masikini, mashine imemharibia jina mtoto wangu." Akaniagiza nikwambie usijilaumu. Nilitaka kukuandikia hivyo, wallahi. Nilikuwa nimeshanunua bahasha.

Wakarima alikuja Alhamisi. Aliachishwa kazi mwisho wa Machi kama ulivyosema, na alipotoka alitoka na kadi moja, kwa sababu aliikumbuka anwani ya Makina na jina Fadul ambalo ulikuwa ukilitaja kila siku mezani, Mama hivi, Mama vile. Alikuwa ndiye aliyezichapa barua zetu. Aliposikia sokoni kwamba kuna mama wa Makina aliyeungua kwa Neema, akatafuta mlango wetu.

Barua ya kwanza ilijibiwa na mashine, ni kweli. Ile ya pili, na simu, na karatasi ya Olympic, mashine ilizikusanya, halafu ikashindwa kuamua. Ikaziweka kwenye trei yako. Kadi ninayo hapa. Juu imeandikwa Sumaya Fadul, Makina. Chini ni wino wa bluu, si muhuri: "Namba 3, matumizi mabaya. Ifungwe." Tarehe 13 Machi. Na ile T ina mkia.

Ni Ijumaa ile ile uliyopewa cheo.

Uliapa kwa roho ya mama yako mzazi. Huyu wa pili hukumkumbuka?

Kaltuma


Kawangware
10 Mei 1998

Kaltuma,

Sikusalimii kwa sababu sina uso wa kusalimia. Niliisoma. Niliisoma mara mbili.

Namba saba zilikuwa zimefika tisa mwezi ule. Ya Mama ingekuwa ya kumi. Bosi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Alitazama tu trei. Nikajiambia, hii ni ya nyumbani, hii naweza kuimaliza kwa miguu yangu. Ndiyo sababu niliichagua, Kaltuma. Mtu mwingine nisingeweza kumfikia. Ya Mama nilisema nitakuja Jumamosi, nichukue stovu, niitupe bwawani, nimletee nyingine, na hakuna atakayejua. Ndilo jambo nililotaka kumwambia.

Jumamosi sikuwa mgonjwa. Walininunulia nyama pale Satellite kwa sababu ya cheo. Nikasema wiki ijayo.

Nimesema yote sasa. Bado niko kazini, nikitoka nitakula nini? Nakuomba vitu viwili kama dada. Niruhusu nimwone Mama. Na mwambie Wakarima asiipeleke ile kadi kwa watu wa magazeti, maana wataniangamiza mimi, bosi hataguswa.

Ukiniacha sina mtu mwingine.

Dada yako, hata ukikataa,
Trizah


Makina
7 Juni 1998

Trizah,

Nilisoma mpaka pale ulipoandika kwamba ulimchagua Mama kwa sababu yuko karibu. Nikaweka chini. Nikafua, nikaosha vyombo, nikamlisha, nikarudi kusoma. Bado ilikuwa imeandikwa hivyo.

Kadi nimemrudishia Wakarima. Sikumtuma, na sitamzuia. Katika ombi lako la pili hukuuliza hata ni nani wale tisa wengine. Yeye anawatafuta. Ameshampata mmoja, mwanamke wa hapo hapo kwenu Kawangware, na huyo ana watoto wawili na stovu bado anaipikia.

Kuhusu la kwanza. Mama hajui. Sikumwambia, si kwa ajili yako, ni kwa sababu mikono imeshaondoka na sikutaka kumwondolea na mtoto. Lile tabaga lako liko ukutani, limebakiza mizunguko mitatu. Kila asubuhi anajaribu, vidole havikunji, analirudisha. Hataki nimalizie. Anasema ni la Trizah, lazima limalizwe na mkono aliouzoea.

Kila Ijumaa baada ya swala anauliza, "Trizah amesema anakuja lini?" Nami nimemtafutia jibu. Namwambia umepelekwa Kisumu kikazi, unamsalimia sana, utakuja kazi ikipungua. Anatikisa kichwa, anasema Mungu akulinde, tunaendelea na siku. Wiki ya pili anauliza tena, nampa lile lile, neno kwa neno. Sibadilishi kitu. Mwanzoni nilikuwa nalirudia kwanza kichwani. Siku hizi natoa tu, hata sinyanyui macho kwenye sufuria, na yeye anatosheka kila mara.

Kwa hivyo usije. Ukija utaniharibia, maana yeye ataanza kuuliza mengine na mimi nina jibu hilo moja tu.

Nimemwambia Nasipwondi asipokee tena barua yako.

Kaltuma binti Fadul