Bibi wa Kwenye Simu

Bagamoyo,
19 Januari 2025

Kwa mume wangu Mikdad,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Goti la kulia linanisumbua kukiwa na mawingu, lakini wasichana wangu wa chuoni nawasomesha asubuhi na alasiri kama kawaida, na alhamdulillahi wakubwa wao wamefika juzuu ya tatu.

Utashangaa kuona barua. Ashatu, jirani yangu anayekwenda Kariakoo kila Jumatano kununua vitenge, ndiye atakayekuletea. Atakupa pia simu uliyoninunulia. Nimekurudishia, na sababu ni hii.

Ulipokuja mwaka mpya nilifurahi sana. Jioni ile uliponiuliza habari za marehemu mama yako ukanirekodi saa nzima, niliona kama Adila wangu amekaa nasi pale mkekani. Kesho yake ndipo ulipotoa kile kijiko chako cha betri, ukaniambia mtu akinywea mchuzi usio na chumvi, umeme unaudanganya ulimi uhisi chumvi. Nikakuamini, nikakitia kinywani. Mikdad, nilihisi nimelamba komeo lenye kutu! Nikatema, mate yakanichuruzika kidevuni, ushungi ukateleza, na wewe unacheka umeshika simu. Nikacheka na mimi. Nilidhani tuko wawili tu jikoni.

Juzi nimemkuta Kholood, binti wa Majid mwenye duka, anawaonyesha wenzake kitu huku wameziba midomo. "Mnatazama nini?" Akasema, "Stika tu, mwalimu." Nikaichukua simu. Ni mimi, mate kidevuni, nywele nje, na chini pameandikwa: NIKIMWONA EKSI WANGU. Huyo eksi simjui na sitaki kumjua. Ninachojua ni kwamba nina miaka sitini na tisa na hakuna mwanamume wa kando aliyewahi kuziona nywele zangu. Sasa muuza samaki ananitumia kumtania muuza mkaa.

Nimejionea kinyaa mwenyewe. Usiku ule sikula. Nitoe humo, mume wangu. Sikuombi kingine.

Mke wako mkubwa,
Bibi Mwanabaraka


Dar es Salaam,
29 Januari 2025

Mke wangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimepona, na goti lako nimelikumbuka: kuna mkanda unaopata moto wenyewe, nitakuletea.

Bibi, barua yako nimeisoma dukani mbele ya wenzangu, tumecheka mpaka wateja wakauliza kuna nini. Hujui tu ulivyoteka mji! Miaka mitatu nimeonyesha watu mtandaoni feni za shingoni, miavuli yenye taa, mashine za kumenya mayai, nikawa napata watazamaji mia mbili, mia tatu. Wewe na kijiko mmefika laki sita. Hawakucheki kwa ubaya. Wanakupenda. Wanaandika, "Huyu ni bibi yangu kabisa."

Kukutoa siwezi hata nikitaka, maana kitu kikishaingia mtandaoni kila mtu ana nakala yake. Halafu kuna kampuni imependa sura yako, wataitumia kwenye tangazo dogo la vyombo vya jikoni. Wamenipa kamera mpya, ya kisasa kweli. Utasahau haya yote, na simu utaniomba tena mwenyewe.

Mumeo,
Mikdad


Bagamoyo,
6 Machi 2025

Kwa Mikdad,

Assalaam alaikum na heri ya Ramadhani. Ni matumaini yangu u mzima na unafunga. Mimi nafunga, ila mwaka huu futari hainipiti kooni.

Tangu wiki iliyopita watu wanabisha hodi. Wa kwanza alikuwa mwanamke wa Mbegani, kaja na chupa tupu ya maji. Nikamkaribisha. Akasema, "Bibi, nimekuja kwako mwenyewe, nimechoka kununua kwa mawakala." Kununua nini? "Dawa yako." Nikadhani kakosea nyumba. Akatoa simu.

Sasa nakuandikia nilichokiona. Nimekaa kwenye kiti nisichokijua, nimevaa buibui lisilo langu. Kinywa changu kina meno yote, nami huku mawili ya mbele yaling'oka msiba wa mama yako. Kinafunguka na kufungika kama cha samaki aliyetolewa majini, na sauti inayotoka ni yangu. Si ya kufanana, Mikdad. Ni yangu, na kile kikohozi changu kidogo kabla ya jina la Mungu. Nasema, "Wallahi wanangu, vitupeni vidonge vya hospitali. Dawa hii inaondoa presha, sukari na bawasiri kwa siku ishirini na moja." Mimi naapa Wallahi! Kwa bawasiri!

Nilikwenda uani nikatapika, na swaumu yangu ikaingia shaka. Maana nilimtazama yule mwanamke, nikamwambia si mimi, naye akacheka akanikonyeza. Alidhani namficha bei.

Sokoni wananiita Bibi Bawasiri. Wazazi watatu wamewaondoa mabinti zao chuoni kwangu. Hiyo ndiyo kampuni yako ya vyombo vya jikoni? Nijibu upesi.

Bibi yako,
Mwanabaraka


Dar es Salaam,
9 Aprili 2025

Bibi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, na samahani kwa kutokuja sikukuu. Kazi zilinibana.

Nimewapigia wale watu mara nyingi, namba haipatikani. Ofisi waliyonielekeza ni kibanda cha kinyozi. Ilitumwa fomu kwenye simu, ndefu, mimi nikabonyeza "nakubali" kama anavyobonyeza kila mtu. Wanatumia akili mnemba, kompyuta inajifunza uso wa mtu na kumsemesha lolote. Kwa hiyo kusema kweli si wewe yule, ni picha tu. Usijitese. Watu watachoka nayo baada ya mwezi, watahamia kwenye kituko kingine.

Nakuombea afya.

Mjukuu wako,
Mikdad


Bagamoyo,
2 Mei 2025

Mikdad,

Salamu nitaziacha leo, uniwie radhi.

Unamkumbuka Hajra? Yule aliyekuwa akikubeba mgongoni kukupeleka sokoni ulipokuwa mdogo, mwanafunzi wangu wa kwanza kuhitimu. Ameolewa na Ibrahimu, wanakaa Makurunge, wana watoto wanne. Ana presha tangu mimba ya mwisho. Jumatatu ameanguka akifua. Upande wote wa kulia umekufa.

Nimekwenda hospitali na Ashatu. Ibrahimu alikuwa mlangoni, akanipa mgongo. Ibrahimu, niliyemwombea dua siku ya nikaha yake! Nikaingia. Chini ya kitanda kuna mfuko, ndani yake chupa nne, na kwenye kila chupa uso wangu. Nikafungua moja nikainusa. Maji ya sukari iliyoungua na kitu kama karafuu iliyooza. Huo ndio uvundo ulioandikwa jina langu.

Hajra aliniona. Mdomo umekwenda upande, mate yanamtoka, nikawa nampangusa kwa upindo wa kanga. Alichukua muda mrefu kusema. Unajua alisema nini? Alisema, "Nisamehe, mwalimu. Labda sikunywa sawasawa ulivyosema."

Ananiomba mimi radhi.

Unaniambia si mimi yule, ni picha. Nenda kamwambie Hajra. Alianza kunisikiliza akiwa na miaka saba, na sauti aliyoitii ni ileile. Sauti yangu mmeipata wapi? Kwenye kijiko sikusema neno, nilitema tu. Nimekesha siku tatu nafikiri, na kila ninapofika jibu nalikataa, kwa sababu nikilikubali sitaweza kukutazama tena.

Usiniandikie mpaka uwe na ukweli wa kuandika.

Mwanabaraka binti Bwanausi


Dar es Salaam,
11 Mei 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Najua huenda usiitikie.

Jibu unalolikataa ndilo. Walitaka sauti. Waliniambia, dakika thelathini za mtu anayezungumza bila kusimama zinatosha. Nilikuwa nayo saa nzima, ile uliyonihadithia habari za mama. Nikawatumia.

Sikujua watauza dawa. Lakini nilijua watakusemesha maneno ambayo hujayasema. Nilijua, Bibi, na nikaona ni jambo la kuchekesha.

Juzi nimeisikiliza rekodi ile tena. Pale unaposimulia jinsi mama alivyokata roho ameshika kidole chako, unasema, "Wallahi, hapo nilijua." Nikaenda kulisikiliza tangazo. Ni Wallahi ileile. Wameikata pale kwenye kifo cha mama wakaibandika kwenye bawasiri. Mikono yangu ilinikirihi, nikawa nainawa kama mwendawazimu.

Nimekwenda polisi, wameandika maelezo. Nimefuta vituko vyangu vyote, miaka mitatu ya kazi. Kamera nimeipeleka kituoni kama ushahidi. Nimetoa video moja, nimeeleza kila kitu kwa jina langu. Wameitazama watu mia na arobaini. Wengi wameandika, "Acha kulialia, turudishie Bibi."

Niruhusu nije. Siji kuomba msamaha. Nipe kazi yoyote.

Mjukuu wako, kama bado,
Mikdad


Bagamoyo,
20 Mei 2025

Mikdad,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara moja, mara ya pili sikuweza.

Hajra ameruhusiwa kurudi nyumbani. Anasimama kwa kushikwa. Ibrahimu ananiitikia salamu, basi.

Ashatu ananizungusha kwa bajaji, nyumba kwa nyumba, kwa kila tuliyesikia anakunywa uchafu ule. Wengine wananielewa, wanamwaga. Wengine wanaona haya kwangu, wananitengea chai. Lakini jana tulifika Vigwaza kwa mama mmoja, Bi Samia, mjane, miguu imemvimba kama magogo. Nilikaa kwake toka adhuhuri. Nilimsihi, nilimwapia, nililia. Alinisikiliza vizuri tu, kisha akawasha simu yake akaiweka sakafuni kati yetu, akamtazama yule, akanitazama mimi.

Akasema, "Mama, usinikasirikie. Umefanana naye, lakini mwenyewe ni huyu. Huyu anaongea kwa imani. Wewe umekuja kumharibia."

Nikiwa nimekaa mbele yake na mwili wangu huu! Nimetoka mle ndani najishika uso kama si wangu. Sijapata kuchukia kitu duniani kama nilivyouchukia uso wangu jana.

Mimi hawaniamini tena. Wewe uliyenitengeneza, huenda wakakuamini. Nenda kwa Bi Samia Jumamosi, ndiyo kazi niliyonayo. Nyumba ni ya tatu baada ya kisima, mlango wa bati la buluu. Usimwambie kwamba nimekusamehe, kwa sababu sijakusamehe.

Bibi yako


Vigwaza,
24 Mei 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwenye karatasi ya daftari la mjukuu wake Bi Samia, nimekaa barazani kwake, na Ashatu anasubiri kuondoka nayo.

Nilifika asubuhi. Nilimweleza yote, akasema hayohayo aliyokwambia. Akaniambia, "Mwanangu, mashine haiwezi kuwa na imani ile." Niliongea mpaka nikakauka. Mwisho nikamwomba ruhusa nimpige picha na aniambie maneno machache, lolote. Akakubali. Akasimulia habari za kuku wake, alivyo na majogoo wawili wasiopatana. Nikaitia picha na sauti yake kwenye akili mnemba ya simu yangu. Bibi, nilikuwa nafanya kitu kilekile tena, na safari hii najua ninachokifanya.

Haikuchukua hata nusu saa. Nikamwekea mbele. Ni yeye, ushungi wake, sauti yake, anacheka anasema, "Mimi Samia, kaburi la mume wangu nimeliuza, na nyie uzeni yenu."

Akakisogeza kile kioo kwa ncha ya kidole kama mtu anayegusa mzoga. Halafu akapiga ukelele, akaikamata simu yangu, akaenda nayo uani, nikasikia imetumbukia chooni. Akarudi akachukua chupa zake, sita, moja moja, zikafuata. Kila anayoitupa anatema mate. Alipomaliza alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akatoa vidonge vyake vya kliniki chini ya godoro, akameza cha leo mbele yangu.

Nikadhani atanifukuza. Akakaa. Alikuwa anahema. Akaniuliza, "Na bibi yako, yule mama niliyemkataa, alipojiona hivi mara ya kwanza alifanyaje?"

Nikamwambia, "Aliniandikia barua. Aliniomba nimtoe."

"Na wewe ukafanyaje?"

Nikamwambia, "Nilicheka."

Ameingia ndani, sijui kama atatoka tena. Ashatu ameniambia zimebaki nyumba kumi na moja. Kesho naanza ya Makurunge, kwa Hajra, na huko nitakwenda mikono mitupu.

Mjukuu wako,
Mikdad