Ganzi ya Mdomo wa Baba

Shoga, acha tu. Tumetoka kliniki sasa hivi.

Unakumbuka Baba alivyosema midomo imekufa ganzi? Tukajua basi, ule ugonjwa wa mishipa ya fahamu umetoka mikononi umefika mdomoni. Baba yule yule kinyozi, asiyenyamaza! Akaanza kumrekodia Mama sauti kwenye simu, za kumwachia siku atakaposhindwa kusema.

Leo daktari anauliza, "Vile vidonge vya kuchelewesha ugonjwa mnampa vipi?"

Mama: "Navisaga, namtilia kwenye uji. Vizima vinampalia."

ANAVISAGA, shoga! Kumbe vikisagwa ndiyo vinatia ganzi mdomoni. Na vinataka tumbo tupu, ukivila na chakula nguvu inapungua. Eti ipo dawa hiyo hiyo ya maji, tungepewa zamani kama tungeuliza!

Mama alicheka huku analia. "Kumbe mdomo wake mzima, ugonjwa haujafika!"

Kwenye gari Mama akamwambia Baba, "Sasa zifute hizo sauti, mzee wangu. Zinanitisha."

Baba akamtazama. "Daktari kasema dawa inapunguza mwendo wa ugonjwa. Hajasema inasimamisha. Ziache."

Halafu akaniomba nimshikie simu, arekodi nyingine. Vidole vyake haviwezi tena kubonyeza.