Mbege ya Harusi ya Anjela

Jumatatu, 3 Juni
Nimekata majani ya ng'ombe. Anjela, mjukuu wangu, kapiga simu nikiwa nakamua. Yuko Afrika Kusini, mwaka wa sita sasa. Jumamosi anafunga ndoa. Na mwanamke. Mzungu, anaitwa Karin. Kule serikali inawaandikisha. Hapa wangefungwa.

"Bibi, umekaa?"

Nimekaa, nakamua, sema.

Akasema. Sikusikia kitu moyoni. Si hasira, si furaha. Nikamaliza kukamua. Lita nne.

Ndiye aliyenifundisha kuandika, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jikoni. Shule mimi sikuiona. Ameomba jambo moja tu. Baba yake apokee simu.

Jumanne, 4 Juni
Nimechemsha ndizi mbivu. Harusi ya mjukuu wangu haipiti bila mbege. Mama Flora wa jumuiya kaja kuchungulia chungu.

"Pombe ya nini, Mama Aloyce?"

"Ya harusi ya Anjela."

"Ehe! Bwana harusi mtu wa wapi?"

"Hakuna bwana harusi. Mabibi harusi wawili."

Kacheka hadi kashika kiuno. Mimi sikucheka. Akaacha.

Alhamisi, 6 Juni
Zamu ya sala ya jumuiya ilikuwa kwangu. Hakuja mtu. Nimesali mwenyewe. Mtori niliowapikia nimempa mbwa.

Mwanangu Aloyce, baba yake Anjela, kapiga. "Mama, sina mtoto wa hivyo. Na kihambani kwetu, kwenye ardhi ya mababu, hazikwi." Nimemwambia migomba ya kihamba hiki bado naipalilia mimi. Kakata simu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimenunua ulezi sokoni Kiboriloni, nikapita Soweto, mtaa wa mjini kwetu, kwa Aloyce. Nilibeba sale. Kwetu anayeomba msamaha ndiye hupeleka jani hili, na ukiletewa hukatai. Mzazi hampelekei mtoto. Nimepeleka.

Alipomwoa Mlutheri wa Machame, mimi Mkatoliki niligoma kwenda harusini. Mwaka mzima sikumsemesha. Mwisho yeye akaniletea sale, yeye ambaye hakukosa kitu. Nikapokea, nikajiona mkubwa. Leo nimesema mbele ya mkewe: "Nilikosa mimi. Nalirudisha. Wewe usifuate kosa langu."

Kaikodolea macho televisheni. Nikaliweka mezani, nikaondoka. Magoti yanauma. Jioni nimetia ulezi kwenye mbege.

Jumamosi, 8 Juni
Mbege imeiva. Nzuri. Hakuna aliyekuja kunywa.

Nimemwaga kidogo kwenye mgomba nilipozika kitovu cha Anjela. Nimetaja jina lake. Nimetaja na la Karin, kwa shida. Halafu nikanywa kata moja, nimesimama. Picha ya harusi imeingia kwenye simu. Nampenda mtoto huyu kuliko macho yangu, na leo mwili mzima una ganzi.

Jumapili, 9 Juni
Aloyce kaja baada ya misa. Shikamoo, basi. Kaketi kwenye kigoda cha marehemu baba yake. Sale liko mfukoni mwa shati, limenyauka. Nikampa kata. Kanywa yote. Nikaongeza.

"Alivaa nini?"

Nikampa simu, aone picha. Kaitazama mpaka kioo kikazima. Kaniomba niiwashe tena.

Hakumpigia Anjela.

Mbege ipo nusu pipa. Nimemwambia aje kesho, kabla haijachacha. Kasema atakuja na mkewe.